Nani alikopa, nani alilipa? Asia 1997 na mijadala yetu ya deni

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya Jumapili jioni. Nimeyaweka hapa kwa sababu wengi mlisema sauti ilikuwa inakatika. Lugha nimeiacha vile ilivyokuwa, kwa hivyo msishangae nikiongea kama niko barazani. Kanuni yetu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama, wa hapa wala wa huko. Tunaangalia jambo lenyewe.

Leo tuko Asia. Kila mjadala wa uchumi kwenye runinga zetu una mtu wa kusema ati wakati wa uhuru Kenya na Korea Kusini zilikuwa sawa, halafu tazama wenzetu wako wapi. Anayemjibu naye anachomoa Singapore ama Malaysia. Sawa, na hata hiyo hadithi ya "tulikuwa sawa" ina shida zake, lakini hiyo tuiache siku nyingine. Ninachotaka mnote ni kwamba hao wajadili hawagusi kabisa mwaka 1997, wakati hao simbamarara wa Asia walianguka mmoja baada ya mwingine ndani ya miezi michache. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu ya historia yao yenye faida kwetu kuliko zote. Na swali langu leo ni moja tu: nani alikopa, na nani alilipa?

Tuanzie Thailand, kwa sababu ndipo kulianzia. Serikali ya Thailand wakati huo haikuwa na deni la kutisha. Kwa miaka kadhaa ilikuwa inakusanya pesa kuliko inazotumia. Indonesia na Korea Kusini nazo bajeti zao zilikuwa karibu zinatoshana, ama zina ziada kidogo. Nalisema hili mapema kwa sababu sisi tukisikia "mgogoro wa deni" akili inakimbia moja kwa moja Hazina ya Kitaifa na bunge. Kule waliokopa walikuwa benki, kampuni za fedha, viwanda na wajenzi wa majumba.

Wacha nieleze kwa mfano wa hapa. Chukua mtu anataka kujenga nyumba za kupangisha Kilimani. Benki ya Nairobi inamtaka riba kubwa, kwa shilingi. Benki ya ng'ambo iko tayari kumpa dola kwa riba ya chini sana. Na serikali imesema hadharani kwamba bei ya dola haitasonga. Kwani utakataa? Anachukua dola, anajenga, wapangaji wanamlipa kwa shilingi. Huo ndio mchezo uliochezwa Bangkok. Baht ilikuwa imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha karibu 25, na mwaka 1993 serikali ilifungua mlango maalum wa kibenki wa kuleta pesa za nje kwa urahisi. Dola zikamiminika. Zikajengwa ofisi na majumba ambayo hayakuwa na watu wa kuyajaza. Kuna jengo moja pale Bangkok linaitwa Sathorn Unique, ghorofa 49, lilikaa zaidi ya miaka 20 likiwa mifupa mitupu kwa sababu pesa ziliisha mwaka 1997.

Sasa fanya hesabu. Umekopa dola milioni 1 wakati dola ni baht 25. Deni lako ni baht milioni 25. Januari 1998 dola ilifika karibu baht 56. Deni ni lile lile kwa dola, lakini kwa pesa unayokusanya kwa wapangaji sasa ni baht milioni 56. Hujakopa hata senti ya ziada. Na wapangaji wenyewe wameanza kufutwa kazi.

Kabla ya kufika hapo, benki kuu ya Thailand ilijaribu kuilinda baht kwa kuuza dola zake. Na hapa nataka tukae kidogo. Takwimu za hadharani zilionyesha akiba ya zaidi ya dola bilioni 30. Kumbe sehemu kubwa ya hizo dola ilikuwa tayari imeahidiwa kwa watu wengine, kwenye mikataba ya kuuza dola miezi ya mbele. Ukiondoa zilizoahidiwa, zilizobaki za kutumika hazikufika hata dola bilioni 3. Mwananchi hakujua, na wabunge wengi hawakujua. Tarehe 2 Julai 1997 benki kuu ikaiachilia baht ijitafutie bei yake sokoni, na kufikia Desemba kampuni 56 za fedha zilikuwa zimefungwa kabisa.

Wa kwanza kuumia hawakuwa wenye hizo kampuni. Ni watu wa mjengo. Wengi wao walikuwa wametoka vijijini, hasa Isan, kaskazini mashariki mwa nchi, kuja kubeba saruji Bangkok. Mjengo ukisimama leo, kibarua hana barua ya kuachishwa kazi wala malipo ya kumuaga. Anafunga mfuko anapanda basi. Maafisa wengine wakasema vizuri, kijiji kitawapokea, kijiji ndio bima yao. Hii kauli tunaijua hata sisi, "rudi ushago ukalime". Shida ni kwamba yule mtu alikuwa akituma pesa nyumbani. Kijiji sasa kimepata mdomo mmoja zaidi na kimepoteza mshahara.

Kuna mtu aliuliza, sasa kwa nini shida ya Bangkok iende mpaka Jakarta na Seoul? Jibu liko kwenye muda wa mikopo. Benki na kampuni nyingi za eneo hilo zilikuwa na mikopo mifupi, ya miezi kadhaa hivi, ikifika mwisho unaongezewa muda, ikifika tena unaongezewa. Fikiria chama cha akina mama mtaani. Siku moja mwanachama mmoja anashindwa kulipa. Kesho yake kila mmoja anataka pesa zake zote, hata kutoka kwa yule ambaye hajawahi kuchelewa. Wakopeshaji walimtazama jirani wa Thailand wakaona anafanana naye, wakakataa kuongeza muda. Na wote wakitafuta dola siku moja, bei ya dola inapanda kwa kila mtu.

Indonesia ndio iliumia zaidi, na hapo nitakaa kwa muda.

Katikati ya 1997 dola moja ilikuwa karibu rupiah 2,400. Januari 1998 ilipita 10,000, na Juni ikagusa 16,000. Serikali ilienda kwa IMF, mkataba ukatangazwa mwisho wa Oktoba 1997, na tarehe 1 Novemba benki 16 zikafungwa siku moja. Nia ilikuwa kuonyesha kwamba sasa kuna nidhamu. Lakini hakukuwa na dhamana kamili ya pesa za wateja, na hakuna aliyewaambia watu kama orodha imeishia hapo. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Watu walikimbilia benki zao kutoa pesa, hata zile benki ambazo hazikuwa na shida. Halafu mtoto mmoja wa rais, ambaye benki yake ilikuwa kati ya zile 16, akanunua benki nyingine na kuendelea na biashara kwa jina tofauti. Mwenye akiba kidogo alipanga foleni, mwenye baba ikulu alibadilisha kibao mlangoni.

Kuna picha ya Januari 15, 1998 ambayo wanafunzi wa siasa huonyeshwa mapema sana. Rais ameinama mezani anatia sahihi masharti mapya, na mkurugenzi mkuu wa IMF amesimama pembeni amekunja mikono kifuani, anamtazama kutoka juu. Kwa watu wengi wa Asia hiyo picha ilisema kila kitu. Mimi naomba tuitazame kwa macho mawili. Ni kweli inaudhi. Lakini yule aliyeinama alikuwa ametawala zaidi ya miaka 30, na mikopo ya jamaa zake na marafiki zake haikusainiwa na mtu wa IMF.

Kati ya masharti kulikuwa na kupunguza ruzuku ya mafuta na umeme. Mwanzoni mwa Mei 1998 bei ya petroli ikapandishwa kwa karibu asilimia 70 kwa mpigo mmoja, wakati ambapo bei ya mchele na mafuta ya kupikia ilikuwa tayari imeruka. Wanafunzi walikuwa wameshaanza maandamano. Tarehe 12 Mei wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Trisakti, Jakarta, walipigwa risasi wakafa. Kesho yake mji ukawaka. Zaidi ya watu 1,000 walikufa katika siku hizo, wengi wao wakiungua ndani ya maduka makubwa ambako walikuwa wameingia kuchukua bidhaa. Tarehe 21 Mei rais akajiuzulu.

Hapo ndipo masimulizi mengi huishia, vijana wameshinda, mwisho. Lakini hasira za Mei hazikwenda kwa waliokopa. Zilienda kwa Waindonesia wa asili ya Kichina, kwa sababu baadhi yao ndio wenye maduka na muuza duka ndiye anayeonekana akibadilisha bei. Maduka yao yalichomwa. Wanawake wao walibakwa, na tume iliyoundwa kuchunguza ilithibitisha hivyo. Yule mwenye duka hakuwa amekopa dola New York. Yeye pia alikuwa akinunua bidhaa kwa bei mpya. Sihitaji kuwaeleza Wakenya vile hasira ya bei inaweza kugeuzwa ikawa hasira ya jamii fulani. Ila tukiwa kwenye mjadala na mtu akaanza kusema "hawa ndio wanatupandishia unga", muulize dola inauzwa ngapi kwanza.

Uchumi wa Indonesia ulisinyaa kwa karibu asilimia 13 mwaka 1998, na bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 70. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, karibu mtu 1 kati ya 4 alikuwa maskini mwisho wa mwaka huo. Hizo ni nambari, na nambari zinasahaulika haraka. Kitu ambacho mimi sijasahau ni utafiti mmoja uliofanywa vijijini Java ya Kati. Walipima watoto wadogo na mama zao kabla na wakati wa mgogoro. Uzito wa watoto haukushuka. Waliopungua ni akina mama. Yaani mchele ulipokuwa haba, mama alijinyima, mtoto akala. Lakini mayai na mboga vilipunguzwa kwa wote, na damu ya watoto ikapungua nguvu. Ukiangalia takwimu ya uzito wa watoto peke yake ungesema hakuna njaa. Njaa ilikuwepo, ilikuwa imebebwa na mtu ambaye hakuna aliyekuwa anampima kwa kawaida.

Ndio maana nikisikia kwenye jukwaa "tufunge mkanda sote", nauliza, sote ni akina nani? Kuna nyumba ambazo mkanda una tundu moja tu lililobaki.

Niseme na lililofanyika vizuri, maana lipo. Kuanzia 1998 serikali ilianza kuuza mchele wa bei nafuu kwa kaya maskini, mwanzo kilo 10 kwa mwezi, na ikatoa ufadhili wa masomo na ruzuku kwa shule. Watu waliogopa mamilioni ya watoto wataacha shule. Walioacha walikuwa wachache kuliko ilivyohofiwa, ingawa watoto wa maskini ndio waliumia zaidi. Sehemu ya hiyo ni pesa za serikali, na sehemu ni wazazi waliouza dhahabu na vitu vya nyumbani.

Korea Kusini nitaenda haraka, kwa sababu ndiyo inayojulikana. Desemba 3, 1997 ilikubaliana na IMF, na kifurushi chote pamoja na wafadhili wengine kilikuwa karibu dola bilioni 57. Wakorea wenyewe hadi leo wanauita ule mgogoro "wakati wa IMF". Mwanzoni mwa 1998 kukawa na kampeni ya wananchi kutoa dhahabu yao ili iyeyushwe na kuuzwa nje kupata dola. Watu karibu milioni 3.5 walijitokeza na pete za ndoa, mikufu, medali. Zilikusanywa tani kama 227. Hii ndiyo hadithi ambayo viongozi kila mahali wanaipenda, kwa sababu inaonyesha uzalendo. Na kweli inagusa moyo. Lakini thamani yake ilikuwa dola bilioni 2 na kidogo, ukilinganisha na hizo 57. Na pete iliyeyushwa ya mtu ambaye hakuwahi kukopa dola maishani mwake, kulipia makampuni makubwa yaliyokopa bila breki.

Kilichobaki baada ya dhahabu ni kazi. Februari 1998 sheria ya kazi ililegezwa ili makampuni yaweze kufuta watu. Ukosefu wa kazi ulipanda kutoka chini ya asilimia 3 hadi karibu 7 mwaka huo. Walikuwepo wanaume waliotoka nyumbani asubuhi wamevaa suti, wanashinda mlimani ama bustanini, jioni wanarudi kama wametoka ofisini, kwa sababu hawangeweza kuwaambia familia zao. Wengine walilala kituo cha treni cha Seoul. Visa vya kujiua viliongezeka. Deni la IMF lililipwa lote Agosti 2001, karibu miaka mitatu kabla ya muda, na hapo dunia ikapiga makofi. Lakini kufikia 1999 zaidi ya nusu ya walioajiriwa walikuwa vibarua ama wa muda. Deni liliisha, ile kazi ya kudumu haikurudi kwa wengi. Ila nchi hiyo pia ilipanua bima ya kukosa kazi, na mwaka 1999 ikapitisha sheria ya kumhakikishia maskini kiwango cha chini cha maisha. Hiyo nusu ya hadithi ya Korea sijaisikia kwenye mijadala yetu.

Malaysia, kwa sababu najua mtauliza. Wao walikataa IMF. Septemba 1998 wakazuia pesa kutoka nchini ovyo na kuifunga ringgit kwenye 3.80 kwa dola, na ikakaa hapo mpaka 2005. Wengi walitabiri maafa, hayakuja. Wachumi bado wanabishana kama ni zile hatua zilisaidia ama mvua ilikuwa imeshaanza kuisha kila mahali. Msikubali mtu awaambie Malaysia imethibitisha upande wowote.

Sasa, hapa kwetu. Kufananisha kunataka uangalifu, kwa sababu kule wakopaji walikuwa watu binafsi, na hapa mkopaji mkubwa ni serikali. Lakini ugonjwa wa sarafu na tarehe ni ule ule. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa hatifungani, ile tunaita Eurobond, za kulipwa zote siku moja Juni 2024. Kodi yetu inakusanywa kwa shilingi. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, kwa sababu kila mtu alikuwa akiuliza kama hizo dola zitapatikana. Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 kwa riba iliyozidi asilimia 10 ili kununua sehemu kubwa ya lile deni la kwanza, na shilingi ikapata nguvu, ikarudi karibu 130. Miezi michache baadaye tukawa barabarani kwa sababu ya muswada wa kodi. Mnajua kilichotokea, na mnajua waliokufa walikuwa wa rika gani.

Kwa hivyo tukirudi kwenye mijadala, mtu akisema deni letu ni kubwa, ama si kubwa, ni asilimia fulani ya pato la taifa, huyo bado hajasema kitu. Ni la sarafu gani? Linalipwa lini? Akiba ya dola inayotangazwa, ni ngapi kati yake haijaahidiwa kwa mtu? Na akisema IMF ndiyo adui, mwambie IMF yenyewe baadaye ilikubali kwamba kubana bajeti kule Asia mwanzoni kulizidi kiasi, na kufunga benki 16 kulizua taharuki. Hapo yuko sahihi. Kisha muulize ni nani alifanya nchi ifike kwa mlango wa IMF, na kama majina yao yamo kwenye hotuba yake.

Kuna dada aliuliza mwisho, je, wale waliokopa Indonesia walilipa hatimaye? Serikali ilibeba benki zao kwa kutoa hatifungani, na gharama yote ilifika karibu nusu ya pato la taifa la mwaka. Hapo ndipo deni la watu binafsi liligeuka kuwa deni la umma, na ndiyo maana bajeti nzuri ya kabla ya mgogoro haikuwasaidia. Wenye benki waliahidi kurudisha. Wengine walirudisha kidogo, wengine walihamia nje. Aprili 2021 serikali iliunda kikosi maalum cha kufuatilia waliokuwa bado hawajalipa pesa za mwaka 1998. Hesabu waliyopewa ilikuwa zaidi ya rupiah trilioni 110. Mtoto aliyezaliwa Jakarta wiki ile ya maandamano alikuwa anakaribia miaka 23, na kama alikuwa na kazi, alikuwa tayari analipa kodi.